Hatuna la Kulalamika

Eirlys alirudi kutoka hospitali na nyonga mpya na masharti ya daktari: asiiname, asikunje nne, asijipinde kuchukua kitu kilicho nyuma yake, wala asinyanyue chochote kizito kuliko birika la chai. Mumewe Idwal, ambaye ni mdogo wangu wa kuzaliwa, ni mzito kuliko magunia mawili ya viazi. Ndiyo maana nilifunga nyumba yangu, nikachukua ndara zangu na vidonge vyangu vya moyo, nikashuka mtaa mmoja na kuhamia kwao.

Kiharusi kilimpiga Idwal kwenye karakana ya mabasi, akiwa chini ya basi na spana mkononi. Mkono na mguu wa kulia havijamtii tangu siku hiyo. Kumtoa kitandani, kumweka kwenye kiti cha choo, kumwosha, kumvalisha na kumrudisha, hiyo ndiyo kazi aliyoifanya Eirlys peke yake miaka yote, naye ni mwanamke mwembamba ambaye ukimwona akipanda kwenda kanisani siku ya upepo unatamani kumfungia jiwe mfukoni. Serikali ilimpa posho ya mlezi, fedha ndogo inayofuatana na ile ya ulemavu anayopata Idwal. Nyonga yake ikasagika kabla ya wakati. Daktari alisema ni umri tu. Idwal hakumwamini.

"Ni mimi," aliniambia asubuhi ya kwanza, nimemkumbatia kifua kwa kifua kama tunaocheza dansi, namshusha kwenye kiti. "Mimi ndiye niliyeila nyonga yake."

"Kaa vizuri," nilimwambia, "usije ukaila na yangu."

Nilifanya mzaha ili nisiseme ukweli. Idwal alikuwa na haki ya kujilaumu, ila kosa halikuwa uzito wake. Mwaka ule alipougua alikuja mtu wa ofisi ya posho kumkagua. Idwal akanyolewa ndevu, akavalishwa koti lake la kwaya lenye vifungo vya shaba na nembo kifuani, maana alikuwa mwimbaji wa sauti ya chini, tegemeo la kwaya ya wanaume hapa bondeni. Akaulizwa anaendeleaje. Akajibu kama tunavyojibu sote huku, hata wale waliokuwa wakitolewa chini ya kifusi enzi za mgodi: "Hatuna la kulalamika." Akaja pia mtu wa baraza la mji kuuliza kama wangependa kufungiwa winchi ya kumnyanyulia mgonjwa. Naye akapewa chai na jibu lile lile, pamoja na ushauri kwamba winchi wapelekewe wenye shida.

Wakaandika walichoambiwa. Mtu akisema hana shida, serikali ipi itakaa kubishana naye? Idwal akapewa fedha ya chini kabisa, winchi haikuja, na Eirlys akawa ndiye winchi.

Basi kazi hiyo ikawa yangu, na Eirlys amelala chali chumba cha mbele, sebule waliyoigeuza chumba cha kulala, amewekewa mto katikati ya miguu kama alivyoagizwa. Kulala hakukumpa raha. Kila nikipita na beseni ananifuata kwa macho. Kila nikikohoa anauliza kama nimekunywa vidonge vyangu.

"Wifi, kaa kidogo," aliniambia mchana mmoja.

"Nikikaa nani atamenya viazi?"

"Fedha imeingia leo. Ya ulezi." Alikuwa anavuta uzi wa shuka. "Wewe ndiye unayemwosha mume wangu, na fedha inaingia kwangu. Najiona mwizi."

"Mlezi naye anaruhusiwa kuugua. Dereva wa basi akivunjika mguu si analipwa?"

"Dereva halipwi kwa kumpenda abiria."

Akataka fedha hiyo niichukue mimi. Nikamwambia nilimwosha Idwal bure akiwa mtoto wa kutambaa, tena wakati huo alikuwa anapiga mateke, sasa mbona nimtoze leo ambapo anapiga kwa mguu mmoja tu. Idwal alicheka kutoka chumba cha pili. Eirlys hakucheka.

Huenda lingeishia hapo kama asingekuja Bi Howells, jirani wa ng'ambo ya barabara, na mkate wa matunda uliofungwa kwa taulo. Bi Howells si mtu mbaya. Ana mgongo unaomuuma na hana mtu wa kumwambia. Alikaa, akala vipande viwili vya mkate alioleta mwenyewe, akamtazama Eirlys juu ya mito yake.

"Heri yako, mwenzangu," akasema. "Umelala na mshahara unaingia. Mimi mgongo wangu huu haunilipi hata senti."

Akacheka na kukung'uta makombo. Mimi nilimwona Eirlys akibadilika rangi, nikajua lile neno limeingia mahali ambapo halitatoka. Bonde letu ndivyo lilivyo. Unaweza kuwa mlevi, unaweza kuishi na mke wa mtu, watu watanong'ona kisha watazoea. Lakini ukisemwa kwamba unakula fedha ya serikali bila kuitolea jasho, hilo litaimbwa mpaka kwenye mazishi yako.

Siku iliyofuata nilikwenda duka la dawa. Niliporudi, wale wawili walikuwa wamekaa kama watoto waliovunja sahani.

"Nimewapigia," akasema Eirlys.

"Nani?"

"Ofisi ya posho. Nimewaambia ukweli, kwamba simlei Idwal, analelewa na dada yake. Yule binti wa simu alikuwa mpole sana, wifi. Alinishukuru. Alisema ni watu wachache wanaopiga."

"Wachache," nikasema. "Hakuna anayepiga, Eirlys. Ni wewe peke yako kutoka hapa hadi baharini."

Nikamwuliza walimjibu nini. Posho imesimamishwa kuanzia sasa. Na kwa kuwa mambo ya nyumbani yamebadilika, watatuma mtu wa kumkagua Idwal upya, waone kama kile anachopata bado anastahili. Alilisema hili la mwisho kwa sauti ndogo, maana hata yeye alikuwa ameshaona alichofanya.

Nilikaa. Nikawaambia kitu kilivyo, bila sukari. Mimi nina miaka sabini na moyo unaopiga unavyotaka wenyewe, daktari wangu hajui kuwa ninamnyanyua mtu. Siku Eirlys akiweza kusimama sawasawa, mimi lazima nirudi kwangu. Yule mkaguzi akisema Idwal ni mzima kuliko walivyodhani, fedha yake itapungua au itakatwa kabisa, na ikikatwa, posho ya Eirlys nayo hairudi, kwa kuwa hii inaishi mgongoni mwa ile. Winchi ndiyo tuisahau. Eirlys atarudi kumbeba Idwal kwa mikono yake, bure, na nyonga moja ya chuma na moja inayosubiri zamu.

"Na Idwal akisema ukweli?" Eirlys akauliza.

"Akisema ukweli mtapata yote. Ndiyo ajabu yake. Ukweli ule ule ulioupeleka kwenye simu, mbona hapa nyumbani tunaufungia kabatini?"

Idwal alikuwa anautazama mkono wake wa kulia uliolala mapajani.

Jioni ile nikawafanyisha mazoezi. Nilivaa miwani yangu, nikashika kitabu cha nyimbo za kanisani kama ndizo karatasi za ofisi, nikakaa mbele ya Idwal.

"Bwana Idwal, unaweza kuvaa mwenyewe?"

"Si vibaya."

"Idwal."

"Kwa kujitahidi."

"Mara ya mwisho umefunga kifungo lini?"

Alifikiri. "Asubuhi ile nilipokwenda karakana."

"Haya, hivyo hivyo. Nani anakuosha?"

Akageuza uso dirishani. Nje mvua ilikuwa inateremka mlimani kama kawaida yake. "Dada, hayo si maneno ya kumwambia mgeni. Tena pengine ni msichana mdogo."

"Kilio huanza mfiwa, Idwal. Usipolia wewe, huyo msichana alie ana nini?"

"Si lazima aseme yote, wifi," Eirlys akaingilia. "Mtu anaweza kusema kweli bila kujivua nguo."

"Hapa ndipo pa kuzivua."

Nikatoa amri zangu. Siku ya mgeni hakuna kufagia wala kuoka. Idwal atavaa sweta lake la kila siku lenye alama za uji, ndevu zibaki, na kiti cha choo kikae pale pale kilipo, kando ya kitanda chumba cha mbele, mgeni akione akiingia. Wote wawili wakakubali. Walikubali upesi mno, na mimi kwa ujinga wangu nilifurahi.

Nina paka. Asubuhi ya ukaguzi nilimwamsha Idwal, nikamwosha, nikamkalisha kwenye kiti chake na sweta lake, kisha nikapanda kwangu kumlisha yule mnyama. Nilichelewa kidogo kwa sababu nilikutana na Bi Howells, naye akitaka kujua mgeni anakuja saa ngapi. Niliporudi, kizingiti cha mlango kilikuwa kimelowa na kung'aa, na ukumbi mzima unanukia siagi na zabibu.

Eirlys alikuwa jikoni, ameegemea gongo moja, anageuza vikate vya zabibu juu ya bamba la chuma. Mashavu yamemwiva.

"Kizingiti umekioshaje?"

"Kwa ufagio wa mpini mrefu. Sikuinama."

"Na hivi?"

"Vinapikwa kwa kusimama, wifi. Hata daktari amesema nisimame."

"Na kiti cha choo?"

Akavigeuza vikate ambavyo vilikuwa vimeshageuzwa. "Nimekisukuma bafuni kwa gongo. Mgeni hawezi kula pembeni ya choo. Wewe mwenyewe ungekula?"

Niliingia chumba cha mbele. Idwal alikuwa amekaa amenyooka, kidevu laini, tai shingoni, na koti la kwaya limefungwa vifungo vyote. Alikuwa amependeza. Miaka mingi sikuwa nimemwona hivyo, na ndani ya hasira yangu kitu kilinichoma.

"Nani amekuvalisha?"

Akatazama zulia.

"Idwal, mwanamke yule amepasuliwa juzi."

"Aliniomba," akasema. "Alisema hataki nionekane hohehahe mbele ya watu wa ofisi. Ningeweza kumkataza. Nilimsikia anavyohema akinivuta ule mkono uingie, dada. Nilijua anaumia. Nikanyamaza." Akagusa kifungo cha juu. "Nami nilitaka nionekane mtu."

Nikamfuata nianze kumvua. Kengele ikalia.

Mkaguzi aliitwa Lowri, msichana kweli, amelowa mvua, na alikuwa na adabu zake. Alitaka kuvua viatu kwa ajili ya kile kizingiti. Eirlys alikaa kwenye kiti chake kirefu cha mgonjwa, magongo pembeni, akaniambia nimletee mgeni chai na vikate, naye mgeni akala na kusifu. Kisha akafungua kompyuta yake ndogo magotini.

"Haya, habari za hapa? Mnaendeleaje?"

"Hatuna la kulalamika," tukajibu sote watatu. Ndiyo, watatu. Mimi niliyewafanyisha mazoezi, mdomo wangu ulijibu kabla sijaufunga.

Akaanza maswali. Idwal anatembea? Kidogo kidogo. Anakula mwenyewe? Anakula vizuri tu. Anaoga? Anaoga. Nilikuwa nakohoa mpaka Lowri akaniuliza kama ninahitaji maji. Kila Idwal akijibu alimtupia Eirlys jicho, na Eirlys anaitikia kwa kichwa polepole, kama mwalimu anayemsikiliza mtoto akisoma vizuri.

"Na umependeza, Bwana Idwal," akasema Lowri. "Koti zuri. Umevaa mwenyewe?"

Niliona wote wawili wanavyotafuta pa kupita. Akisema ni Eirlys, basi Eirlys ndiye aliyepiga simu kwamba halei, na leo amekamatwa analea, tena na mshono haujakauka. Kwa mtu mwingine hilo ni jambo la kucheka. Kwa Eirlys lilikuwa ni kuitwa mwongo na serikali sebuleni kwake.

"Mwenyewe," akasema Eirlys.

Lowri hakumgeukia. Alikuwa anamtazama Idwal.

"Mwenyewe," akasema Idwal.

"Si kweli," nikasema mimi.

Lowri akainua kiganja, kwa upole. "Samahani mama, naomba nimsikie yeye." Akaiweka kompyuta kando. "Basi nisaidie jambo moja, Bwana Idwal. Livue hilo koti, taratibu, kadiri unavyoweza. Ukichoka uache."

Idwal akapeleka mkono wa kushoto kwenye kifungo cha juu. Vifungo vile vya shaba ni vikubwa, na matundu yake yalishonwa upya yakabana. Kidole gumba kiliteleza. Akajaribu tena. Kikateleza. Akakiacha akaenda kwenye cha chini, akakivuta, koti lote likapanda na tai ikambana shingo. Jasho likaanza kumtoka kwenye paji la uso. Mimi nilikuwa nimeikalia mikono yangu. Niliiwaza winchi, nikajiambia acha aone, acha aone, na nilijichukia nilivyokuwa nafurahi kwamba mdogo wangu anashindwa.

"Inatosha, Bwana Idwal," akasema Lowri.

Hakuacha. Aliyekwisha kusema "mwenyewe" alitaka iwe mwenyewe kweli. Akakishika tena kile cha juu, akakivuta kwa nguvu zote, na sauti ikamtoka, ile sauti nene iliyokuwa ikijaza kanisa, ikatoka kama mlio wa mnyama aliyenaswa.

Nikasikia magongo yakianguka sakafuni.

Eirlys alikuwa ameshafika. Sijui alipitaje. Alikuwa ameinama mbele ya mumewe, ameinama mzima kama alivyoinama kila asubuhi ya miaka ile, na vidole vyake viko kwenye kifungo.

"Ngoja, mpenzi, ngoja. Ni hiki ndicho kinachobana. Unakisukuma kwanza, halafu..."

Kitu kikaalika, kidogo tu, kama mtu anavyoalisha kidole. Eirlys hakupiga kelele. Alifungua mdomo, akamtazama Idwal kwa mshangao, kisha akateleza juu ya magoti ya mumewe kwenda chini. Idwal akamdaka nguo begani kwa mkono wa kushoto. Alimshikilia hapo, nusu chini nusu juu, mishipa ya shingo imemsimama.

"Dada, mnyanyue," akasema. "Mimi siwezi. Siwezi. Siwezi kufanya kitu chochote."

Lowri hakuandika hilo. Alikuwa ameshapiga magoti kwenye zulia, ameshika kichwa cha Eirlys, na kwa mkono wa pili anapiga simu kuita gari la wagonjwa. Tulipokuwa tukisubiri, Idwal alizungumza. Hakuna aliyemwuliza. Alisema nani anamwosha na vipi, alisema kuhusu shuka za asubuhi, alisema alivyomwangukia Eirlys bafuni wakati wa baridi wakalala sakafuni wote wawili hadi Bi Howells alipoleta maziwa. Lile la bafuni hata mimi sikuwa nalijua. Eirlys akiwa pale chini, amefumba macho kwa maumivu, alinong'ona, "Idwal, mbele ya mgeni."

Nitasema la ofisi kwanza nimalize. Lowri alinipigia simu mwenyewe, baadaye. Fedha ya Idwal ilipandishwa hadi juu kabisa, posho ya mlezi ikarudishwa, na watu wa baraza wakaja kufunga winchi kwenye dari juu ya kitanda. Ni winchi nzuri, haipigi hata kelele. Siku ile ya kwanza ilipomnyanyua, Idwal alining'inia kwenye kile kitambaa akiniangalia kutoka juu.

"Hiki ndicho nilichokataa," akasema. "Kwa kikombe cha chai."

Mficha maradhi kifo humuumbua, ndivyo wasemavyo, ila hawasemi kwamba mara nyingine anayeumbuliwa si yule aliyeficha.

Lakini hayo yalikuja baadaye. Siku ya pili baada ya ukaguzi nilimpeleka Idwal hospitali kumwona mkewe. Ile nyonga ilikuwa imechomoka, wakamlaza usingizi, wakairudisha, na hesabu ya kupona ikaanza upya. Idwal alikataa kunyolewa. Alikataa hata shati. Alikwenda na lile sweta la alama za uji, na njia nzima ndani ya teksi hakusema neno ila moja.

"Hapana," alisema, akitazama dirisha. "Aliponiuliza umevaa mwenyewe, ningesema hapana. Neno fupi vile, dada. Lingenigharimu nini?"

Eirlys alikuwa mweupe kama mto wake. Alipotuona alijaribu kujiweka nywele sawa.

"Yule binti alikula vikate vingapi?"

"Alikula vitatu," nikasema.

"Na kiti cha choo hakukiona?"

"Hakukiona."

Akapumua. Kisha akamtazama Idwal, sweta na ndevu, na macho yakamjaa. "Nimekuharibia. Ningekaa tu pale kitini. Nimekuaibisha mbele ya mtu." Akanigeukia. "Na ile posho, wifi, kama watairudisha kimakosa, mimi nipo hapa nimelala tena. Si ingefaa niwapigie..."

"Ukigusa simu," nikamwambia, "nitaivunja nyonga ya pili kwa mkono wangu."

Idwal hakucheka. Alikuwa anatazama mkono wa Eirlys. Ulikuwa umeshika shuka, umekunja ngumi, na vifundo vya vidole vimepauka. Tangu tuingie haukuwa umeiachia.

Nesi akapita na kigari cha dawa, mwanamke mnene mwenye haraka zake. "Mama Eirlys, maumivu vipi leo?"

Eirlys akatabasamu. "Hatuna la kulalamika."

"Safi sana," akasema nesi, akaanza kusukuma kigari.

"Nesi," akasema Idwal.

Alisema kwa ile sauti yake ya chini, na wodi nzima iligeuka. Nesi akasimama.

"Ana maumivu. Angalia mkono wake. Hajalala, anaonekana hajalala. Akikwambia hana la kulalamika, usimwandike hivyo."

"Na wewe ni nani wake?"

"Mumewe. Mimi nilikuwa nasema hivyo hivyo. Ndiyo maana yuko hapa."

Nesi alimtazama yeye, akautazama mkono wenye shuka, akarudi na kigari chake. Akatoa vidonge viwili, akamimina maji, akamsubiri. Eirlys alimeza kimoja. Machozi yalimteremka pembeni hadi masikioni, maana hawezi kugeuza mwili.

"Umeniaibisha, Idwal," akasema. "Wodi nzima."

"Najua," akasema Idwal. "Meza na hicho kingine."